Kitabu Kinachoitikiwa: Maktaba za Skuli na Ziara za Waandishi Mbulu na Hanang

Diwani ya Kimbunga, yenye tungo za Haji Gora Haji wa Tumbatu, ilitoka mwaka 1994. Mtunzi wake aliijua bahari kwa mikono kabla hajaijua kwa wino, na kila aliyebahatika kumsikia akighani anafahamu kuwa shairi lililolala karatasini lilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa sauti yake. Kwa miaka mingi diwani hiyo ilikuwamo katika orodha ya vitabu teule vya fasihi kwa kidato cha tano na cha sita, na kwa njia hiyo ikapanda milima. Ikafika kwa vijana wa nyanda za baridi za Mbulu na wa bonde lililo chini ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, ambao wengi wao maji makubwa waliyoyaona kwa macho yao ni Ziwa Basotu, au Ziwa Balangida lenye chumvi. Tena si Kimbunga peke yake. Wasakatonge ya Muhammed Seif Khatib na Malenga Wapya, diwani ya washairi wa visiwani, zilipita njia hiyo hiyo kuwaendea vijana wa kidato cha tatu na cha nne.

Kwa hiyo watu wa visiwani wasidhani kuwa habari ya maktaba za skuli huko Mbulu ni habari ya mbali. Ni habari ya tungo zao. Kitabu kusafiri si kazi kubwa. Lori na barua vinatosha. Kazi ni kupokewa. Na suala lililo mbele ya kila mpenda ushairi ni hili: je, tungo za pwani zinapofika kule hupokewa kama mgeni anayekaribishwa ndani akala na wenyeji, au kama mgeni anayesimamishwa uwanjani, akaimbiwa, akapigiwa makofi, kisha akaondoka bila ya kujulikana?

Kwanza yafaa kuwatambua wenyeji. Mbulu na Hanang ni miongoni mwa sehemu chache sana za Afrika ambapo lugha za asili zilizo mbali kabisa zimekuwa majirani wa kuazimana moto. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, jamaa wa mbali wa Kisomali. Kidatooga cha Wabarabaig ni cha Kinailoti. Kihadzabe cha watu wa bonde la Yaeda wataalamu hawajakipatia jamaa yeyote kwa hakika. Kinyaturu, pamoja na Kiswahili chenyewe, ni vya Kibantu. Kijana wa huko hunyonya lugha moja kwa mama yake, akaikuta ya pili darasani, na afikapo sekondari akaamrishwa kujifunza masomo mengi kwa lugha ya tatu, yaani Kiingereza. Martha Qorro, mmoja wa waandishi watatu wa kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza ya mwaka 2002, ni huyo huyo aliyetumia miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akitetea Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Hapana ajabu. Aijuaye ngazi hiyo ya lugha tatu anajua pia ni vidato vingapi ambapo mtoto huteleza.

Sasa iangaliwe maktaba. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 uliijaza nchi skuli za kata, nazo zilijengwa kwa nguvu za wananchi, kwa matofali na michango yao. Madarasa yalitangulia, maabara zikafuata, na maktaba ikasubiri fungu lisilokuja. Mahali pengi maktaba ikawa ni kabati la mbao katika chumba cha walimu. Lina kufuli, na ufunguo umo mfukoni mwa mwalimu mmoja ambaye ana vipindi vingi kuliko saa za siku. Mwalimu huyo asilaumiwe haraka. Vitabu ni mali ya serikali, vimeandikwa katika daftari la mali, na siku ya ukaguzi ndiye atakayeulizwa kimoja kilichopotea. Hakuna atakayemuuliza ni vingapi vilivyosomwa. Basi huvihifadhi, naye huhifadhi vyema. Lakini kitabu kisichochakaa ni kitabu ambacho hakijasomwa, na maktaba ambayo baada ya miaka mitano vitabu vyake vingali vipya haistahiki sifa, bali yastahiki kuhurumiwa.

Hata kabati likifunguliwa, kuna kufuli la pili lisiloonekana, nalo ni mtihani. Mwanafunzi wa kidato cha nne hutakiwa kujibu swali kwa kutumia diwani mbili, tamthiliya mbili au riwaya mbili. Swali lenyewe halina ubaya. Ubaya umo katika njia ya mkato iliyozuka pembeni yake, yaani vile vijitabu vya uchambuzi vinavyouzwa mitaani, vyenye dhamira zilizoorodheshwa, wahusika waliokwisha kuhukumiwa, na tamathali za usemi zilizokusanywa kama mahindi ghalani. Mwanafunzi hukariri kijitabu, akajibu swali na akafaulu, bila ya kulisoma shairi hata moja kwa ukamilifu. Aweza kusema kuwa mshairi ametumia takriri, lakini hajawahi kuisikia takriri ikimgonga sikioni. Ushairi wa Kiswahili, ambao kwa karne nyingi ulisomwa kwa sauti mbele ya watu, umefikishwa mahali pa kujulikana kwa orodha ya sehemu zake, kama samaki anayejulikana kwa miba iliyobaki sahanini.

Juhudi za kuifungua milango hiyo hazikukosekana, na haki ni kuzitaja. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Utaratibu wake ulikuwa wa busara: wachapishaji wa nchini walitoa vitabu, nao mradi ukanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzigawa maskulini. Hivyo mwandishi alipata mchapishaji, mchapishaji akapata soko, na mtoto akapata kitabu kilichoandikwa na mtu wa kwao. Kutoka 2008 ikaja Tuzo ya Burt ya vitabu vya vijana, ambayo nayo ilihakikisha kuwa hadithi zilizoshinda zinawafikia wanafunzi. Shirika la READ International, lililoanzishwa na wanafunzi wa chuo kikuu huko Uingereza mwaka 2004, lilianza kwa kukusanya vitabu vilivyokwisha kutumika kwao, kisha likaingia katika kutengeneza vyumba vya maktaba ndani ya sekondari za Tanzania, kuta zikapakwa rangi na kuchorwa picha. Na Aprili 2023 Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo mtu wa Hanang ana sababu ya kuupokea msaada kwa jicho la tahadhari. Kutoka miaka ya 1970 tambarare za wilaya hiyo zililimwa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada. Matrekta yalikuja, na ngano ikaota. Lakini nyanda hizo hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho ya Wabarabaig, na zilikuwa na makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walifika hadi mahakamani kuidai ardhi yao. Hailinganishwi hapa ngano na kitabu. Kitabu hakimnyang'anyi mtu malisho. Lakini somo ni moja: atoaye bila ya kuuliza hudhani kuwa mahali pasipo na kitu chake hapana kitu. Vitabu vya Kiingereza vilivyotoka katika skuli za Uingereza vilipangwa rafuni kana kwamba pale hapakuwa na neno kabla yao. Hata hadithi za Tuzo ya Burt, zilizoandikwa na Watanzania, zilitakiwa kuwa kwa Kiingereza, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ya sekondari. Kijana akapewa mlango mzuri uliofungwa kwa ufunguo asiokuwa nao.

Ndipo inapokuja ziara ya mwandishi, ambayo kwa miaka ya karibuni imesifiwa kuwa dawa. Anayesifu ana hoja. Kijana aliyedhani kuwa waandishi wote ni wafu, au ni Wazungu, akimwona mtu mwenye vumbi la safari miguuni akisema kitabu hiki nimekiandika mimi, kitu hubadilika ndani yake. Kitabu hupata baba au mama. Lakini ziara hizo zina ugonjwa wa kale, na ili kuuelewa hapana budi kurejea kwa Mathias Mnyampala.

Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Dodoma, ndiye mtu wa bara aliyeuchukua ushairi wa mwambao akaufanya wake, tena akaurudisha ukiwa na sura mpya. Ngonjera zake, mashairi ya majibizano kati ya wahusika wawili au zaidi, zilienea katika skuli za nchi nzima baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zikisukumwa na chama cha UKUTA. Hadi leo hakuna shughuli ya kifasihi iliyopata kuingia katika kila skuli ya Tanzania kwa kiasi hicho. Haikuhitaji maktaba wala umeme. Ilihitaji watoto wawili wenye kumbukumbu na uwanja. Katika asili yake ngonjera ilikuwa ni hoja na jibu: mmoja hajui, mwingine anajua, wanabishana hadi ukweli unatoka.

Lakini ngonjera ilipatwa na nini? Ilikabidhiwa mgeni rasmi. Watoto wakapangwa mstari, wakamghania mgeni sifa zake na shida za skuli, mgeni akapiga makofi, akatoa ahadi, akatia saini kitabu cha wageni. Yale majibizano yakafa, likabaki umbo. Na huo ndio ugonjwa unaoinyemelea ziara ya mwandishi. Mwandishi hufika saa nne, huimbiwa, huhutubia juu ya faida za kusoma, husoma kurasa mbili, hupiga picha na wanafunzi walioshika vitabu kifuani, na saa saba gari huondoka. Vitabu vilivyoshikwa kwa ajili ya picha hurudishwa kabatini. Mwanafunzi amemwona mwandishi, lakini mwandishi hajamsikia mwanafunzi. Huo si usomaji, bali ni mapokezi.

Dawa ya ugonjwa huo haitoki Dar es Salaam wala London. Imo Mbulu kwenyewe. Wairaqw wanayo sanaa iitwayo slufay, ambayo ni ghani ndefu za dua, baraka na mawaidha, zinazoghaniwa na mzee mjuzi mbele ya watu waliokusanyika. Lililo muhimu kwa hoja hii ni kwamba mghani haghani peke yake. Waliokaa humwitikia, kila aya na kiitikio chake, na bila ya kuitikiwa dua haijawa dua. Hadhira si sikio tu. Hadhira ni sehemu ya utungo. Mtu wa pwani hana haja ya kufafanuliwa jambo hili. Aliyekaa katika maulidi, au aliyesikiliza utenzi ukisomwa usiku wa msiba, anajua kuwa kuitikia ni kuukubali ujumbe na kuubeba. Hapo ndipo mlima na bahari vinapopeana mkono, na yasikitisha kuwa skuli, ambayo ingepaswa kuwa daraja, ndiyo mahali pekee ambapo kijana wa Kiiraqw na shairi la Kiswahili hukutana bila ya yeyote kumwitikia mwenziwe.

Tokea mwaka 1978 W. D. Kamera alikwisha kuchapisha Hadithi za Wairaqw wa Tanzania, kwa Kiswahili. Hivyo hata kwa maandishi msingi upo. Kitabu kama hicho kingestahiki kukaa rafu moja na Kimbunga, ili kijana aone kuwa lugha anayosomea imemwalika na bibi yake ndani.

Kwa hiyo ziara njema ya mwandishi ni ipi? Ni ile ambayo kazi yake kubwa hufanyika kabla na baada yake. Kabla, vijana wawe wamekisoma kitabu, hata kama nakala ni moja. Nakala moja ikisomwa kwa sauti na msomaji mmoja baada ya mwingine, inatosha darasa zima kwa wiki mbili. Wawe wamegombana juu yake, na wawe na maswali ambayo mwandishi hakuyatarajia. Siku ya ziara, mwandishi asome kidogo na asikilize sana. Asomewe shairi lake na kijana mwenye lafudhi ya Kibarabaig, alisikie likigeuka kinywani mwa mwingine. Baada ya ziara, ufunguo ubakie mikononi mwa wanafunzi wawili waliochaguliwa na wenzao, na daftari la kuazima liwe ndilo linalokaguliwa badala ya daftari la mali.

Iko shughuli nyingine ambayo skuli za Mbulu na Hanang zinaiweza kuliko skuli yoyote ya Unguja au Pemba, nayo ni kutafsiri. Vijana wapewe ubeti mmoja wa shairi la bahari, wautie katika Kiiraqw au Kidatooga. Wataanguka mapema: ngalawa itaitwaje, na kusi ni upepo wa wapi? Katika kuanguka huko ndimo usomaji unamoanzia. Atakayelazimika kutafuta neno la wimbi katika lugha ya wafugaji hataweza kukimbilia kijitabu cha uchambuzi, kwani jibu halimo. Itambidi aulize nyumbani, na mzee asiyejua kusoma atakuwa amekuwa mwalimu wa fasihi. Kisha na warejeshe hisani: watutafsirie aya ya slufay kwa Kiswahili, ili washairi wa visiwani nao waangukie pale ambapo hawana neno.

Huko Kenya vikundi vya maigizo huzunguka maskulini kuigiza vitabu vya kutahiniwa, na wanafunzi hukumbuka zaidi walichokiona jukwaani. Ni jambo la manufaa, lakini lingali likitumikia mtihani, na kijana angali mtazamaji. Afadhali aigize mwenyewe vibaya kuliko kuigiziwa vizuri.

Yako mapingamizi ya kweli. Nauli ya mwandishi kutoka mwambao hadi Katesh si kitu kidogo, na waandishi wenyewe hawana kitu. Mwalimu amechoka. Mzazi anataka cheti, hataki ghani. Yote ni sahihi. Lakini mwandishi si lazima atoke mbali. Mzee aghaniye slufay ni mwandishi asiyeandika. Mwalimu atungaye mashairi ya harusi ni mwandishi. Na kijana aliyemaliza kidato cha sita mwaka jana, aliyelisoma shairi likamkaa, aweza kuwa mgeni bora kuliko mshindi wa tuzo. Ama cheti, ajibiwe mzazi kuwa aliyekisikia kitabu hukijibia vizuri kuliko aliyekikariri.

Na kama kuna anayeuliza kwa nini mashairi ya bahari yapelekwe mlimani, jibu limekwisha kuandikwa, kwa uchungu. Shairi la Kimbunga lenyewe husimulia dhoruba iliyoviangusha vikubwa na kuviacha vidogo vimesimama. Kwa miaka mingi walimu wa bara walilifafanua kama fumbo la kisiasa, wakatafuta nani ni mbuyu na nani ni kibanda. Ufafanuzi huo una haki yake. Kisha tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha matope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang, ambao kilele chake ni zaidi ya mita 3,400, hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Kijana wa Hanang wa leo akilisoma shairi hilo haanzi na fumbo. Anaanza na alichokiona. Amemwona mwenye nyumba imara akikosa pa kulala, na anajua kuwa mlima ulioilisha wilaya kwa maji ndio ulioizika. Yeye ndiye mhakiki ambaye Haji Gora alimstahiki, na hakuna mhakiki wa mjini atakayemfikia. Si kwamba mwalimu amlazimishe kulisema jeraha lake. Mwenye msiba huachiwa wakati wake. Lakini shairi liwepo rafuni, kabati liwe wazi, na awepo mtu wa kumsikiliza siku atakapotaka kusema.

Washairi wa pwani wamezoea kulalamika kuwa bara imeichukua lugha yao na kuichuja utamu. Lalamiko hilo lingekuwa na uzito zaidi kama mlalamikaji angepanda basi. Ushairi haurithiwi kwa damu, na Mnyampala ni ushahidi. Warithi wapo, wamekaa chini ya mlima wenye baridi, wana lugha tatu vinywani na sanaa ya kuitikia waliyofunzwa na babu zao. Wanachongoja si mgeni rasmi, bali ni mtu wa kuwaghania ubeti mmoja, akanyamaza, akawaachia zamu.